Deni la muhogo Mtongwe

Ukiwa na safari ya Mtongwe, mpenzi msomaji, anza siku mapema. Mji wa Mombasa, kama ujuavyo, ni kisiwa. Aendaye kaskazini hupita Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, na aendaye bara hupita Makupa. Aendaye kusini, asipokuwa na gari la kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, huteremka Likoni akangoja feri pamoja na umati.

Usiuogope umati huo. Mtu wa miguu halipi hata senti katika feri ya Likoni. Wanaotozwa ni wenye magari. Utasimama katika banda la kungojea ukiwa umebanwa na vibarua wa bandari, wanafunzi, akina mama wenye mabeseni ya samaki na vijana wa mikokoteni. Lango likifunguliwa, watu huteremka kwa kasi hata ukadhani wanakimbia mvua. Shika mfuko wako vizuri, jihadhari na magurudumu ya mikokoteni, kisha tafuta mahali pa kusimama kandokando upate upepo. Safari yenyewe ni fupi, kama nusu kilomita tu. Kabla hujamaliza kusoma ukurasa mmoja wa gazeti utakuwa umefika ng'ambo, na pua yako itakuwa imekwisha kukuarifu kwamba pale juu kuna viazi karai na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili.

Hapo utawasikia makanga wakiita, "Mtongwe! Mtongwe!" Panda. Matatu itashika njia ya magharibi, ipite maduka, misikiti na makanisa, nyumba za mabati zilizo nyingi na za makuti zilizobaki chache, minazi, miembe na mikorosho. Upande wa kulia, kila penye mwanya, utayaona maji ya Kilindini na ng'ambo yake kreni za bandari zikiinua makontena. Jina hilo la Kilindini limetokana na neno kilindi, yaani maji ya kina kirefu, na ndiyo sababu meli kubwa huweza kuingia hadi ndani. Mtongwe ndiko iliko kambi ya wanamaji wa Kenya. Tena ni mahali pa kale mno, kwani wataalamu wa mambo ya kale wamechimba huko na kupata zana za mawe zilizotumiwa na watu wa zamani sana.

Lakini mimi, msomaji wangu, sikwenda Mtongwe mwezi wa Aprili uliopita kutazama kreni wala mawe. Nilikwenda kulipa deni ambalo nilikuwa nimelikalia kwa zaidi ya miaka 40. Nilikuwa nimebeba nusu gunia la viazi vya Molo, na utingo wa basi alikuwa amenitoza nauli ya viazi hivyo kana kwamba ni abiria wa pili.

Mimi si mzaliwa wa Mtongwe. Baba yangu alitoka bara kuja kutafuta kazi bandarini, akapanga chumba kimoja huko ng'ambo kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu kuliko ya kisiwani. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1976. Mwalimu alitupanga kwa kimo, na kwa kuwa mimi na mvulana mmoja wa Kidigo tulikuwa wafupi kuliko wote, tulikalishwa dawati la mbele kabisa. Tulikaa dawati moja mpaka tulipofanya mtihani wa CPE mwaka 1982. Jina lake sitalitaja hapa, kwa heshima ya jamaa zake. Nitamwita mwenzangu, maana ndivyo alivyokuwa.

Mwenzangu hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Alikuwa na mwandiko mbaya na masikio makubwa. Alipenda kuchora majahazi nyuma ya madaftari yake, na kila mwisho wa muhula alichapwa kwa kosa hilo. Akishachapwa alirudi kwenye dawati akipuliza viganja, akaninong'oneza, "Bado tanga." Maana yake ni kwamba jahazi alilokuwa akichora halijatiwa tanga, na angelitia hapo hapo. Jioni tulipita njia ya mikokoni, na maji yakiwa yamejaa alinifunza kuogelea, mimi mtoto wa bara niliyekuwa nikiogopa hata maji ya beseni.

Mwaka 1980 tulikuwa darasa la tano. Wazee watakumbuka kwamba huo ulikuwa mwaka ambao unga uliadimika nchini. Kwetu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa kibarua cha baba kilikatika na hakupata kingine kwa miezi mingi. Mama alipika mara moja tu kwa siku, jioni. Asubuhi nilikwenda shule na tumbo tupu, na saa sita watoto wengine walipofungua vyakula vyao, mimi nilikwenda bombani kunywa maji, kisha nikazunguka nyuma ya darasa mpaka kengele ilipolia. Siku za maziwa ya bure, yale tuliyoyaita maziwa ya Nyayo na ambayo yalikuwa yameanza mwaka 1979, nilipata nafuu. Siku nyingine sikupata kitu.

Mwenzangu alikuwa akija na mkebe wa Kimbo. Ndani yake mama yake alitia muhogo uliopikwa kwa nazi, vipande vinne au vitano. Siku moja alinifuata nyuma ya darasa. Hakuniuliza lolote. Aliketi, akafungua mkebe, akahesabu vipande, akanipa nusu. Kilichozidi alikikata kwa rula.

Nilikula. Kisha nikamwambia asimwambie mtu, kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa haya, na kama angejua kwamba mwanawe anakula cha jirani, angenihamisha shule. Mwenzangu akasema, "Haya." Tangu siku hiyo hadi baba alipopata kazi tena mwaka uliofuata, alikata mihogo yake kwa rula kila saa sita. Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi methali hiyo sikuisoma kitabuni.

Mwaka 1983 tulihama Mtongwe, tukarudi bara. Tuliandikiana barua mbili tatu, kisha kila mtu akashikwa na dunia yake. Nilisikia kwamba alipata kazi kisiwani, akaoa, na kwamba kila alfajiri huvuka maji kwenda kazini kama wenzake. Mimi wakati huo nilikuwa karani Nakuru. Kila mwaka nilijiambia kwamba likizo ijayo nitakwenda Mtongwe nikamwone. Likizo zilikuja zikapita.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikitoka Mtongwe kwenda kisiwani ilipinduka takriban mita 40 tu kutoka ufuoni. Kilikuwa chombo cha kubeba watu 300, lakini siku hiyo kilikuwa na watu wapatao 400, wengi wao wakienda kutafuta riziki. Watu 272 walikufa. Huo ni miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya majini ambayo nchi yetu imepata kuiona.

Niliisikia habari hiyo redioni nikiwa ofisini. Nilisikitika kama Wakenya wote walivyosikitika, nikaendelea na kazi. Sikumfikiria mwenzangu. Wiki mbili baadaye nilipata barua kutoka kwa mtu tuliyesoma naye, ikinieleza kwamba mwenzangu alikuwa ndani ya feri ile.

Huenda ukauliza, msomaji, kama nilivyouliza mimi: mtu aliyenifunza mimi kuogelea, yeye atashindwaje na mita 40? Nilisumbuka na swali hilo kwa miaka. Jibu nililopewa na mzee mmoja mvuvi ni hili: chombo kikipinduka kimejaa watu, ajuaye kuogelea na asiyejua huwa sawa, kwa sababu kila mmoja humshika aliye karibu naye. Nami nilimjua mwenzangu. Hakuwa mtu wa kuubandua mkono uliomshika.

Sasa nitakueleza jambo la kunifedhehesha. Sikwenda matangani. Nilijiambia kwamba nauli ni ghali, kwamba mkubwa wangu kazini hatanipa ruhusa, kwamba amekwisha kuzikwa na siwezi kumfufua. Nilituma mani oda ya shilingi 300 na barua ya mistari minne. Baada ya hapo kila mwaka ulioongezeka uliifanya safari kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa nilijua nitaulizwa, "Ulikuwa wapi?" Hivyo ndivyo aibu ndogo inavyokuzwa na mtu mwenyewe hadi ikawa mlima.

Mwaka jana nilistaafu. Mtu akistaafu hubaki na saa nyingi za kukaa peke yake, na madeni yote ya zamani huja kubisha hodi. Ndipo nilipokwenda soko la Nakuru nikanunua viazi.

Nyumba nilipotezana nayo mara mbili, maana Mtongwe ya leo si ile ya utoto wangu. Mahali palipokuwa na shamba la mikorosho pamejaa nyumba za kupangisha. Hatimaye mwenye duka mmoja alimwita mtoto anipeleke. Nilipiga hodi. Ndani ikaitikia sauti ya mwanamke mzee, nami nikaijua sauti hiyo kabla sijaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Macho yangu hayaoni vizuri, nambie u nani."

Nilimtajia jina langu na la baba yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe ndiwe yule mfupi wa dawati la mbele." Hakuniuliza nilikuwa wapi. Hofu niliyoishi nayo kwa miaka yote hiyo ilikuwa ya bure.

Palikuwa pia na mwanamke wa makamo akipepeta mchele. Mama aliniambia kwamba huyo ndiye binti pekee wa mwenzangu, naye alikuwa na miezi mitano tu baba yake alipokufa. Binti alinisalimu kwa adabu, akaniita ami, akaingia jikoni. Tulizungumza mimi na mama habari za mvua, bei ya unga, na jirani waliokwisha kutangulia. Baadaye binti akaleta chai na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Alipofunua, msomaji, ulikuwa muhogo wa nazi.

Nilishindwa kula. Mama akauliza kama chakula chao kimenichukiza. Ndipo nikaona kwamba siri ile imekaa vya kutosha. Baba yangu alikuwa amefariki zamani, wala hapakuwa na mtu wa kuaibika tena ila mimi. Nikawasimulia habari ya mwaka 1980, mkebe wa Kimbo, nyuma ya darasa na rula.

Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani nimemkosea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Kumbe anacheka.

"Mwaka ule," akasema, "mtoto yule alikuwa akirudi shule akila kama nzige. Chakula cha watu wawili hamalizi kushiba. Nami nikasema, huyu ana minyoo. Nikawa kila Jumamosi namsagia mbegu za papai, chungu kama shubiri, namshika pua anywe. Anywa, wala hasemi neno. Miezi na miezi! Kumbe minyoo yenyewe ni wewe!"

Tulicheka sote watatu mpaka majirani wakachungulia. Na ndani ya kicheko hicho ndipo nilipolia, kwa sababu hilo la mbegu za papai sikuwa nikilijua. Nilijua kwamba alinipa nusu ya chakula chake. Sikujua kwamba kila Jumamosi alikuwa akinywa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, kwa sababu nilimwambia asimwambie mtu, naye akajibu, "Haya."

Binti alikuwa ameacha mchele wake. Akaniuliza, "Ami, ehe, na lipi jingine?" Nikamweleza habari za majahazi nyuma ya daftari. Nikamweleza kuhusu "Bado tanga." Nikamweleza jinsi baba yake alivyonisukuma majini kwenye mikoko, akaruka nyuma yangu na nguo zake zote alipoona ninazama kweli. Aliuliza kama masikio yake yalikuwa makubwa hivyo tangu utotoni. Nikamwambia ndiyo, na kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa akiyashika kama mtu anayefungua mlango.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie makala haya. Alisema, "Mimi kila anielezaye habari za baba huanza na feri. Leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiwa shuleni."

Tafakari neno hilo, msomaji. Mama huyu alimzaa mwanawe, akamlea na akamzika, lakini hakuwahi kumwona akiwa darasani. Mzazi hamwoni mtoto wake darasani. Humtoa mlangoni asubuhi na kumpokea jioni, na saa zote zilizo kati huwa mikononi mwa watoto wenziwe. Mke humjua mumewe akiwa mtu mzima. Binti huyu hata hilo hakulipata. Sisi tuliosoma na marehemu ndio peke yetu tunaozijua zile saa, na tukinyamaza, zinazikwa mara ya pili. Mimi nilidhani nina deni la vipande vya muhogo. Kumbe deni langu lilikuwa kubwa kuliko hilo. Nilikuwa nimekalia miaka saba ya maisha ya mtoto wa watu kama amana, na wenyewe walikuwa hapa Mtongwe wakiihitaji.

Alasiri mjukuu wa nyumba hiyo, kijana wa miaka kumi hivi, alinipeleka makaburini. Ni mahali patulivu, chini ya miti, na upepo wa bandari unafika. Kaburi halina maandishi. Lina mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni. Nilisimama hapo nikiwa nimevua kofia. Kijana aliniuliza kama ni kweli kwamba babu yake alikuwa akikata muhogo kwa rula. Nikamwambia ni kweli. Akafikiri, akauliza, "Ile rula ya mbao au ya plastiki?" Nikamwambia ya mbao, na upande mmoja ilikuwa imetafunwa, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuiuma akifanya hesabu. Kijana akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jambo muhimu. Alikuwa na masikio makubwa.

Nilirudi kisiwani jua likizama. Kwenye feri ya Likoni nilisimama kando, nikatazama upande wa magharibi, huko ndani ambako ilikuwa ikipita njia ya Mtongwe. Maji yalikuwa matulivu, na taa za bandari zilikuwa zimekwisha kuwashwa. Watu walionizunguka walikuwa wamechoka na kazi, wengine wakisinzia wima. Nilitazama nyuso zao, nikawaza kwamba kila mmoja wao yuko mtu mahali fulani aliyeketi naye dawati moja, na anayejua juu yake jambo ambalo nyumbani kwao hawalijui.

Ukitaka kwenda Mtongwe kutembea, mpenzi msomaji, nenda. Utakula vizuri, utaona bandari, na watu wake ni wakarimu. Lakini pengine Mtongwe yako wewe iko Bungoma, au Kitui, au Garsen. Pengine yuko mwenzako wa shule aliyekufa kwa ajali, au kwa maradhi, au kwa sababu ambayo watu husema kwa kunong'ona, na hujafika kwao kwa kuwa unaona umechelewa. Usingoje kustaafu kama mimi. Huhitaji kupeleka mbuzi wala hotuba. Chukua kilo ya sukari, piga hodi, waamkie wazee, kisha wasimulie alivyokuwa darasani, hata kama ni jambo dogo, hata kama ni la kuchekesha. Na kama una picha ya shule, ichukue. Wao huenda hawana.

Wazee wetu walisema kawia ufike. Mimi nilikawia miaka 30 na zaidi, nikafika. Wengi hukawia mpaka wanapofika na kumkuta mama naye hayupo.